Prefe na Orodha ya Waliopita Kwetu

Prefe hakupanda pikipiki ya abiria hata siku moja. Alisema mtu mzima hawezi kumshika kiuno mtu asiyemjua, tena mbele ya wanafunzi wake. Basi alitembea, akisukuma baiskeli ambayo nayo haikupandwa mara nyingi. Kazi ya baiskeli ilikuwa kubeba mkoba wake wa karatasi. Kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha treni cha Kamina, ambako nina ofisi ndogo ya kupiga chapa na kutoa nakala, ni mwendo wa nusu saa. Yeye alitumia saa moja na nusu, kwa sababu kila baada ya hatua kumi alikutana na mtu aliyemfundisha, na kila mmoja alikuwa na jambo la kumwuliza.

Kwetu Kongo mkuu wa shule ya sekondari huitwa préfet. Alikuwa mkuu wa shule yetu ya misheni kwa miaka mingi, kisha akastaafu. Walikuja wakuu wengine watatu baada yake, lakini ukisema Prefe mjini bila kuongeza neno, watu wanajua ni nani. Sasa hayupo, na bado ni hivyo. Mimi alinifundisha Kifaransa na hesabu, na alipozeeka nilifanya naye kazi moja ambayo ndiyo inayonifanya niandike. Aliniita Mademoiselle nikiwa na miaka kumi na miwili, akaendelea kuniita hivyo nikiwa na mume na pacha.

Alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kifaransa kilikuwa cha karatasi, Kiswahili cha watu, Kiluba cha hasira na sala. Wanafunzi tulijua kwamba akikugombeza kwa Kifaransa unaweza hata kujitetea. Akigeukia Kiluba, unaomba msamaha kwanza, halafu unauliza umefanya nini.

Alikuwa mlafi wa biskuti. Alizinunua sokoni zile za bei ya chini, zenye sukari juu, akazila ofisini mlango ukiwa umefungwa, kisha akatoka na makombo kwenye tai, akatuhubiria kuhusu kiasi. Hatukumcheka. Nadhani tulifurahi kwamba kulikuwa na kitu kimoja alichoshindwa.

Watu walimsifu kwa unyofu, nami nilimsifu pamoja nao, lakini nimewahi kumwona akidanganya kwa wino. Nilikuwa darasa la nne la sekondari. Alikuja msichana kutoka kambi ya askari, kule tunakoita Base. Baba yake alikuwa amehamishwa kutoka jimbo la Équateur, nao walisafiri majuma kadhaa, na vyeti vyake vyote vilikuwa vimelowa na kuoza njiani. Hakujua Kiswahili, alijua Lingala tu. Sheria ilisema bila cheti hakuna nafasi. Prefe alimwuliza maswali matano ya hesabu ubaoni, akajibu manne. Basi akafungua kitabu kikubwa cha majina, na mahali pa kuandika shule aliyotoka akaandika jina la shule ambayo haikuwapo duniani.

Mwalimu mmoja alimwambia, "Lakini Prefe, ile shule iko wapi?"

"Iko mbali," akajibu, akafunga kitabu.

Msichana yule leo ni muuguzi. Na hakuwa wa pekee. Kulikuwa na watoto ambao umri wao ulipungua kwa miaka miwili mbele ya kalamu ya Prefe, na wengine ambao walifiwa na mjomba mara tatu kwa muhula mmoja naye akakubali kila msiba. Watoto wa wenzake aliwafungulia. Nitasema baadaye ni nani ambaye hakumfungulia.

Baada ya kustaafu alikuja ofisini kwangu kila Alhamisi. Mke wake alikuwa ameshafariki na nyumba ilikuwa kubwa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasikiliza watu wakileta barua zao za kuomba kazi, akazirekebisha bila kuombwa. Mteja akisema jambo la jumla jumla, kwamba yeye ni mchapakazi na mwaminifu, Prefe alimkatiza: "Ile ni maoni yako. Leta kintu ulifanya." Nilipoteza wateja wawili watatu kwa ajili yake, nikapata wengi zaidi.

Alhamisi moja alitoa barua mkobani. Wanafunzi wa zamani wanaoishi Lubumbashi walikuwa wameunda kamati, nao walitaka shule yetu iwe na tovuti. Iwe na historia, picha, na orodha ya wote waliopita. Walimwomba yeye asimamie yatakayoandikwa, na walisikia kwamba mimi najua kompyuta.

Nilifurahi sana. Siku ileile nilifungua mfumo mmoja wa kampuni ya nje, ule ambao unavuta vipande kwa kidole na kuviweka unapotaka. Katika nusu saa nilikuwa na ukurasa wenye picha ya shule na maandishi yanayoteleza kutoka kushoto. Nikamgeuzia kompyuta. Aliutazama kwa muda mrefu, macho karibu na kioo, maana hata wakati ule yalikuwa yameanza ukungu.

"Inapendeza," akasema. "Sasa tuanze maulizo."

Alitoa daftari, akachora mistari kwa rula. Alitaka mifumo mitatu, kila mmoja upewe alama juu ya kumi, kama watahiniwa. Sikuwa nimewahi kuona mtu akichagua mfumo wa tovuti namna hiyo. Mimi ningechagua ule uliokuwa tayari mbele yangu.

"Bintu byetu bitalala wapi?" akauliza.

"Ku mashini ya ile kampuni, Papa Prefe. Kule ku Ulaya."

"Na siku tunaachana nabo, tunatoka na nini?"

"Maandiko tunaweza kuyatosha, tunatoka nayo. Lakini orodha na picha, vile tulibipanga, hapana. Bitabakia kwabo."

"Basi ile si nyumba yetu. Tuko balocataires, bapangaji tu." Akaandika nne juu ya kumi.

Mfumo wa pili niliupenda mwenyewe. Unatengeneza kurasa za kawaida kwenye kompyuta yako, unazipeleka kwenye seva, basi. Hakuna mitambo nyuma yake, hakuna cha kuharibika, hakuna cha kusasisha kila mwezi. Nilimfungulia mfano kwenye simu yake ndogo ya zamani, na ukurasa ukatokea kabla hajamaliza kufuta miwani. Ulikula mega zake chache tu za intaneti. Alifurahi, akaandika nane. Kisha akauliza swali moja, kama mtu aliyelikumbuka akiwa mlangoni.

"Na mwenye anasoma, akitaka kujibu?"

"Hii ni ya kusoma tu, Papa Prefe. Tutaweka numero ya simu hapa chini."

"Numero ya nani?"

"Yako."

Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa, mabehewa yakigongana. Iliponyamaza akasema, "Kuna bantu benye habawezi kunipigia minyi simu. Lakini kuandika, mutu anaweza kuandika."

Nilidhani anazungumzia wale waliomwogopa darasani. Alikata nane kwa mstari, akaandika tano.

Mfumo wa tatu ndio ule wa bure ambao nusu ya dunia inautumia. Unauweka kwenye seva unayokodi, na kila kilichomo ni chako. Unaweza kuhama nacho chote. Una mahali pa wasomaji kuandika maoni chini ya kila ukurasa. Lakini ni mzito, unataka kusasishwa mara kwa mara, na wezi wa mtandaoni wanaujua vizuri, wanajaribu makufuli yake kila siku. Nilimweleza yote hayo bila kuficha.

"Kwa hiyo inaomba nini?"

"Inaomba mutu wa kuichunga."

"Mutu huyo njo nani?"

"Njo minyi, Papa Prefe."

Alinitazama kama alivyonitazama siku za mtihani wa mdomo. Akaandika sita. "Imepita," akasema, "lakini bila distinction."

Tulitumia Alhamisi nyingi kuingiza orodha. Aliazima vitabu vya majina shuleni, vimejaa vumbi jekundu, vingine vimetafunwa na mchwa pembeni. Yeye alisoma kwa kioo cha kukuzia, mimi nikaandika. Kila jina lilikuwa na hadithi. Huyu alikuwa anakuja kutoka Luena kwa treni na kulala kwa shangazi. Huyu alileta samaki wakavu kutoka ziwa Kisale, akavifanya vitabu vya wenzake vinuke mwaka mzima. Huyu alikufa. Huyu pia. Nilitaka tuwaache waliofukuzwa au waliokatiza, kazi iwe fupi, lakini alikataa.

"Ile liste ni ya benye balipita kwetu," akasema. "Haisemi benye balitokea muzuri."

Katika yale niliyopanga, kila jina lilitakiwa kuwa na mwaka wa kumaliza, na mfumo ulikataa kuhifadhi bila mwaka. Kwa waliokatiza tuliandika mwaka wa kuondoka. Alhamisi moja nilitoka kununua karatasi, niliporudi nikamkuta ameketi mwenyewe mbele ya kompyuta, akibonyeza kwa kidole kimoja. Maandishi mekundu yalikuwa yametokea kwenye kioo.

"Mademoiselle, inanikatala."

"Inataka mwaka, Papa Prefe."

"Ule mwaka siwezi kuandika. Iambie ikubali vile."

Nilisogea nione. Jina lilikuwa Ngoy, na jina la ukoo lililofuata lilikuwa la Prefe mwenyewe. Niliondoa sharti la mwaka, nikabonyeza, jina likaingia. Alitoa leso, akafuta miwani, akarudi kwenye kiti cha wateja.

Kamina yote inajua habari za Ngoy, lakini hakuna aliyekuwa akizitaja mbele ya baba yake. Alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, mbele yangu kwa madarasa mawili. Alikuwa mcheshi, anajua kuiga mwendo wa kila mwalimu, pamoja na baba yake na baiskeli yake. Siku chache kabla ya Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari, walimkuta na karatasi za majibu ndani ya soksi, zimenakiliwa kwa mkono. Walikuwa wanafunzi watatu. Msimamizi aliyekuja kutoka nje alikuwa tayari kuyamaliza kimya kimya, kwa heshima ya Prefe. Wengine wawili Prefe aliwatetea. Alisema ni watoto, waliogopa, waachwe wafanye mtihani. Kwa Ngoy alichukua rula, akaiweka kwenye orodha ya watahiniwa, akapiga mstari juu ya jina lake.

Nilikuwa kwenye kibaraza cha darasa letu, nikamwona Ngoy amesimama nje ya ofisi ya baba yake. Alisubiri aitwe ndani. Hakuitwa. Juma lile alipanda treni ya kwenda Luena, na kutoka hapo hatukujua. Mji ulimsifu Prefe kwa siku nyingi, kwamba hapendelei mtoto wake. Mama yake Ngoy hakuwa miongoni mwa waliomsifu. Alipokufa, miaka mitatu baadaye, walituma habari kwa kila treni, lakini Ngoy hakuja. Huenda hazikumfika.

Basi nilipoliona lile jina kwenye kioo, ningepaswa kuelewa kwa nini nane iligeuka kuwa tano. Sikuelewa. Niliona mzee anayejaribu kurekebisha karatasi zake kabla hajaondoka, nikaishia hapo.

Tovuti ilifunguliwa. Mwezi wa kwanza tuliacha maoni wazi, mtu yeyote aandike na yaonekane papo hapo, kama alivyotaka yeye. Walioandika mwanzoni walikuwa wetu: mmoja Likasi, mmoja Kinshasa, mwingine Ubelgiji. Nilimsomea, naye alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelisikia mara nyingi. Kisha zikaja zile taka za mtandaoni, matangazo ya dawa, ya kamari, ya wanawake. Asubuhi moja nilikuta tangazo chafu chini ya ukurasa wa mwalimu wetu wa uimbaji, marehemu, na mjane wake alikuwa ameliona kabla yangu. Alikuja ofisini akilia.

Nilimwambia Prefe tufunge. Kila ujumbe ungoje kwanza, mimi niusome, nikiona ni wa mtu wa kweli niuruhusu uonekane.

"Kwa hiyo mutu anapiga hodi, anabaki inje," akasema.

"Kidogo tu, Papa Prefe. Mupaka nafungua."

"Na utafungua kila siku?"

"Kila juma. Mbele ya Alhamisi, ukuye unakuta nimesoma."

Hakupenda. Alizungusha kofia yake mikononi, akasema, "Weye njo unajua mashini." Nikaweka kufuli.

Miezi ya kwanza nilitimiza. Kisha nilijifungua pacha, mmoja akiwa mdogo sana, tukakaa hospitali. Niliporudi kazini, taka zilizongoja idhini zilikuwa mamia. Anwani ya barua pepe iliyopokea taarifa ilikuwa ya kamati, na kamati yenyewe ilikuwa imegombana na kutawanyika. Nilijiambia nitazisafisha nikipata nafasi. Watoto walikuwa wananyonya kwa zamu, na connexion ya intaneti ilikuwa inakatika. Hizo ni sababu, na nimezirudia mara nyingi.

Lakini Prefe aliendelea kuja. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, alitambua watu kwa sauti na baiskeli ilimwongoza njia. Kila Alhamisi alikaa, akawasalimu pacha kwa Kiluba, akangoja hadi wateja wapungue, akauliza:

"Kuna barua?"

Nami nikajibu, "Hakuna, Papa Prefe."

Sikuwa nimefungua. Juma la kwanza nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Juma la pili nilisema kwa sababu nilikuwa nimesema juma la kwanza. Baadaye ikawa kama salamu. Yeye aliinamisha kichwa, akasema "Wafwako", yaani asante, akazungumza mengine. Aliendelea hivyo zaidi ya mwaka.

Siku niliyofungua sikuwa namfikiria yeye. Mfumo ulikuwa unadai kusasishwa, ukurasa wa kwanza ulikuwa umeanza kuonyesha makosa, na nilitaka kupunguza mzigo. Niliingia kwenye foleni ya maoni, nikachagua yote, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Katikati ya maneno ya Kiingereza na Kirusi niliona mstari mmoja wa Kiswahili chetu. Ulianza na neno Papa. Nikaondoa kidole.

Uliandikwa chini ya orodha. Nauandika hapa kama ulivyokuwa.

"Papa, ni minyi Ngoy. Niliona jina yangu mu liste. Sikuwaza kama utaiandika. Niko Kolwezi, niko na bibi na batoto babili. Kifua inanisumbua, munganga anasema ni mavumbi ya mugodi. Nataka kukuya Kamina kukuona mbele ya mvua. Kama unataka nikuye, andika hapa chini. Kama hautaki, usiandike kintu, nitaelewa."

Mwishoni kulikuwa na namba ya simu. Ujumbe ulikuwa umengoja miezi kumi na minne.

Nilipiga. Simu ilipokelewa na mwanamke, nikamwambia mimi ni nani na natafuta nani. Akasema Ngoy alikufa saison sèche hii iliyopita, yaani kiangazi. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi. Nikamwuliza kama Ngoy aliwahi kutaja ule ujumbe.

"Alikuwaka anafungua telefone kila asubui," akasema. "Anaangalia, anafunga. Kisha siku moja akaacha. Minyi namwambia andika tena, pengine habakuona. Akasema hapana, Papa ashajibu."

Nilimwambia ukweli. Kwamba baba hakuuona. Kwamba ulikuwa nyuma ya kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilisikia mtoto akimwita nyuma yake, naye akamjibu angoje. Halafu akasema, "Basi alikufa bule na ile mawazo." Akakata simu. Nilijaribu tena siku hiyo na siku zilizofuata, haikupokelewa. Nisimwache msomaji akingoja: hajaandika wala kupiga mpaka leo, na sijui watoto wale wako wapi.

Nilibeba kompyuta, nikaenda kwa Prefe asubuhi iliyofuata. Nilipanda pikipiki, kwa kuwa nilijua nikitembea nitageuka. Nilimkuta barazani, ameketi na redio ikisema chini chini. Alijua hatua zangu.

"Leo si Alhamisi, Mademoiselle."

"Najua, Papa Prefe."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote, nikasema yale mafupi. "Kuna barua. Iko tangu mwaka jana. Sikuifungua. Na kila Alhamisi yenye uliniuliza, nilikudanganya."

Alinyoosha mkono, akatafuta redio, akaizima. "Inatoka kwa nani?"

Badala ya kutaja jina, nilitoa karatasi niliyonakilia ujumbe. Akasema, "Soma."

Nilisoma. Nilipofika kwenye neno mvua nilinyamaza, nikafanya kama ndipo mwisho. Yale mengine niliona ni bora nibaki nayo mimi.

"Haiyaisha," akasema.

"Inaisha vile, Papa Prefe."

"Mutu hawezi kumaliza barua vile. Soma yote."

Nikasoma yote. Alitikisa kichwa polepole aliposikia neno usiandike, na midomo yake ikalirudia. Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Aliuliza Ngoy yuko wapi sasa, nikamwambia. Alisema kitu kwa Kiluba, kifupi, wala hakikuwa hasira. Sitakiandika.

Nilitamani anigombeze, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akauliza, "Bibi yake anajua kama sikusoma?"

"Nilimwambia."

"Alisema nini?"

"Alikata simu."

"Alifanya muzuri," akasema. Halafu: "Weye ulifunga mwaka moja. Minyi nilifunga miaka yote ile." Hakusema kunifariji. Alisema kama anayehakiki alama kabla ya kuzitangaza, na hakuongeza neno la msamaha, wala sikuliomba.

Kisha akajinyoosha kwenye kiti. "Fungua ile mashini. Andika."

Nilifungua. Nilibonyeza kitufe cha idhini, ujumbe wa Ngoy ukatoka kwenye foleni, ukaonekana chini ya orodha, mahali alipouandika. Nikaweka kidole kwenye nafasi ya jibu.

"Andika: Ngoy, ni baba yako. Kuya. Kuya na bibi na batoto. Nyumba iko."

Niliandika. Nikangoja aendelee, lakini hakuendelea.

"Ni ile tu, Papa Prefe?"

"Njo ile ningeandika siku ile."

Nikatuma. Aliuliza kama inaonekana, nikasema inaonekana. Aliuliza kama bantu bote banaiona, nikasema bote, Kolwezi, Kinshasa, popote.

"Na kama bibi yake anajibu sasa, itangoja tena inje?"

"Haitangoja. Nilitosha ile kufuli asubui hii, haiko tena."

"Basi acha mashini hapa."

"Papa Prefe, hauwezi kuona."

"Acha."

Niliiweka juu ya kigoda. Aligeuza kiti chake kwa shida, akakisogeza mpaka magoti yakakaribia kioo, akaweka mikono juu ya magoti. Mwanga wa ukurasa ulimpiga usoni na macho yake meupe yalikuwa wazi. Aliniambia niende, watoto wananingoja.

Betri ilikuwa imebakiwa na saa moja hivi. Sikumwambia.